Kabla ya Kusoma Maisha ya Mtu, Mtafute Aliyemuuliza

Wapo akina Siti binti Saad wawili. Wa kwanza ni wa Shaaban Robert: mtoto wa maskini aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, akauza vyungu, hakujua kusoma wala hakuwa na sura ya kujivunia, lakini sauti yake, bidii yake na tabia yake zikamwinua mpaka akaimba mbele ya masultani na matajiri. Wa pili ni wa wazee wa Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida mjini Unguja, waliomsimulia kwa mwanahistoria Laura Fair miaka arobaini na zaidi baada ya kifo chake. Huyu wa pili naye ana sauti na ana bidii, ila wazee wale walimkumbuka zaidi kwa yale aliyoyaimba: nani kadhulumiwa mahakamani, karani gani kala fedha za serikali, mwanamke gani anapigwa na mumewe.

Mwanamke ni yule yule, na kati ya waandishi hao wawili simwoni aliyesema uongo. Kilichotofautiana ni swali walilokwenda nalo. Shaaban Robert alionana na Siti muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1950, naye alikuwa na jambo ambalo halikumtoka katika maisha yake yote ya uandishi: mtu asiye na nasaba, mali wala elimu huipataje heshima? Siti akawa jibu. Wasifu aliomwandikia ulichapishwa mwaka 1958, ukaingia shuleni, na vizazi vya wanafunzi wa Tanzania vikausoma kwa ajili ya mtihani. Fair alikuwa anatafuta kitu kingine. Alitaka kujua jinsi watu wa Ng'ambo, wengi wao wakiwa wametoka utumwani au wamezaliwa na watumwa, walivyojijengea nafasi mjini kwa mavazi, mpira na muziki baada ya utumwa kupigwa marufuku Unguja mwaka 1897. Kwa swali hilo nyimbo za Siti zikageuka kuwa gazeti la mtaa.

Chukua wimbo wa Kijiti. Unasimulia mwanamke mgeni aliyetoka bara, akauawa Unguja. Mtuhumiwa akavuka bahari akatokomea, na hakimu akawageukia wanawake waliokuwa mashahidi, akawaadhibu wao. Ukiusoma wimbo huo ukiwa umetoka kwenye wasifu wa Shaaban Robert, utasifu ufundi wa mwimbaji. Ukiusoma ukiwa umetoka kwa wazee wa Ng'ambo, utauliza hakimu alikuwa nani, sheria ilikuwa ya nani, na ilikuwaje kikundi cha waimbaji kikathubutu kuirudia hukumu ile mbele ya watu usiku baada ya usiku, kisha ikaingia kwenye santuri. Siti na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri zile ziliuzwa mbali na Unguja. Kesi ya mtaani ikawa inasikika katika miji ambayo hakimu yule hakuwa na mamlaka nayo.

Sisemi hivi kumshusha Shaaban Robert. Kwa mshairi mwenye jina lake, katika miaka ya 1950, kukaa chini akaandika kitabu kizima juu ya mwanamke mwimbaji aliyetoka shamba, hilo peke yake ni tukio. Kumbukumbu zilizoandikwa kwa Kiswahili kabla ya hapo zilijaa masultani, majumbe na vita. Yeye alimchagua mtu ambaye mahasimu wake walimtungia nyimbo za kumkejeli kwa kaniki alizokuja nazo mjini. Tatizo ni kwamba aliyefanywa kielelezo hapewi nafasi ya kuwa na hila wala chuki, na hana siku aliyoamka amechoka na wenzake wote. Mwandishi anayetafuta mfano wa kuigwa atauliza mambo ya kuigwa, na msimulizi, ambaye si mjinga, atamjibu hayo hayo.

Kwa hiyo nikipewa wasifu au tawasifu siku hizi, jambo la kwanza ninalotafuta ni nani aliuliza. Sipimi kwanza kama msimulizi ni mkweli, maana kila anayesimulia maisha yake anapunguza hapa na kuongeza pale. Natazama nani alitaka kujua, alitaka kujua nini, na alikuwa na uwezo gani juu ya yule aliyejibu. Kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yaliyowahi kuandikwa kwa lugha hii yaliandikwa baada ya mtu mwingine kuomba.

Tuanze na Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamwita Tippu Tip. Habari za maisha yake aliziandika kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu kwa kuombwa na Heinrich Brode, Mjerumani aliyekuwa Unguja. Zikachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani, na wengi wanaihesabu hiyo kuwa tawasifu ya kwanza ya Kiswahili. Anaanza akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, pale alipoanza kwenda safari za karibu na kufanya biashara ya sandarusi. Kisha zinakuja pembe za ndovu, mikopo, vita, majina ya machifu, njia za bara. Ni masimulizi ya mtu anayejua hesabu zake vizuri mno. Watu waliobeba pembe zile, na watu waliouzwa, wanapita humo kama idadi. Msomaji wa leo anashangaa mtu anawezaje kuishi katikati ya mateso mengi namna ile asiyataje, lakini Brode hakuwa ameyaomba hayo. Alitaka habari za bara kutoka kwa mtu aliyelitawala, akazipata, na baadaye akaandika kitabu chake mwenyewe juu ya Tippu Tip akizitumia.

Miaka ile ile Carl Velten alikuwa akikusanya maandishi ya Waswahili kwa ajili ya chuo cha lugha cha Berlin. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliombwa desturi, akaandika desturi: harusi, jando, mazishi, madeni, uganga. Kitabu kilichotoka mwaka 1903 ni hazina, na bila shaka kitaendelea kunukuliwa baada ya sisi sote kusahaulika. Lakini tazama kilichopotea. Mtoro mwenyewe alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, akaoa mwanamke wa Kijerumani, akaishi huko katika nchi iliyokuwa ikijadili waziwazi kama mtu mweusi anastahili kumfundisha Mzungu, akafa huko mwaka 1927. Maisha hayo tunayajua kwa sababu mtafiti mmoja aliyafukua kwenye nyaraka karibu miaka themanini baadaye. Aliyeombwa kueleza Waswahili wanaishije hakuombwa kueleza yeye ameishije.

Ndiyo maana nampenda sana Selim bin Abakari, ingawa ni wachache wanaomtaja. Alikuwa mtumishi wa Mjerumani mmoja, akafuatana naye mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia, na masimulizi yake yamo katika mkusanyo wa Velten wa mwaka 1901. Swali alilopewa lilikuwa jepesi: eleza safari. Hakuna aliyemdai awe kielelezo wala awe shahidi wa utamaduni wake, basi akaitazama nchi ya ugenini kama wasafiri wa Kizungu walivyokuwa wakiitazama Afrika, akastaajabia watu, mavazi, chakula na baridi kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba ajabu haiko upande mmoja tu.

Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, ni kisa cha namna nyingine. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, akaitwa Emily Ruete, akafiwa na mumewe mwaka 1870 akiwa na watoto wadogo. Anasema alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake. Kitabu kilipotoka Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, kilikuwa pia kinamjibu kila aliyewahi kumuuliza sebuleni kama ni kweli wanawake wa kwao hufungiwa ndani. Kurasa za utotoni katika jumba la Mtoni zina uhai. Kurasa za kuutetea utumwa zinachosha na zinaudhi, na ukizisoma unaona mtu aliyesongwa na maswali ya wenyeji wake hadi akajikuta anatetea kila kitu cha kwao, hata kisichoteteeka.

James Mbotela nitampitia haraka. Kitabu chake juu ya uhuru wa watumwa kilichapishwa London mwaka 1934. Alikuwa mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, na jamii ya Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa huko Mombasa, aliijua kwa ndani kuliko mmishenari yeyote. Swali lililokuwa mezani ni la misheni na la dola: ni nani aliwakomboa? Jibu limejaa shukrani kwa Waingereza mpaka mahali pengine huoni waliokombolewa wenyewe.

Mtu anaweza kusema hayo yote ni mambo ya enzi za ukoloni, na leo tunajiandikia wenyewe. Ni kweli tunajiandikia. Ila tawasifu za wakubwa nazo zina muulizaji, tofauti yake ni kwamba jina lake haliandikwi kwenye jalada. Mara nyingi muulizaji huyo ni lawama. Mzee aliyewahi kushika madaraka anapoandika, anawajibu waliomnong'ona. Benjamin Mkapa alipotoa kumbukumbu zake mwaka 2019, ubinafsishaji ulikuwa na kurasa zake za utetezi, na mauaji ya Januari 2001 kule Zanzibar yalikuwa na maneno yake ya majuto. Maneno hayo ya majuto ndiyo yaliyotawala vichwa vya habari, na nadhani kwa haki, kwa kuwa ndipo mwandishi alipoacha kujitetea. Sehemu hiyo ya kitabu naiamini kuliko sura nyingine za viongozi wengi, ambamo kila uamuzi ulikuwa sahihi na kila kosa lilikuwa la mshauri.

Hapo lipo pia suala la lugha, na hili linaniumiza kidogo. Mkapa aliandika kwa Kiingereza. Wasifu mkubwa wa Mwalimu Nyerere, majuzuu matatu ya Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, ulitoka mwaka 2020 kwa Kiingereza. Hata Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeziacha riwaya za Kiingereza akarudi kwenye Kikuyu, kumbukumbu zake za utotoni na za ujana alizitoa kwa Kiingereza kuanzia mwaka 2010. Sitaki kumhukumu mtu kwa hilo. Lakini lugha nayo inaonyesha muulizaji: anayeandika maisha yake kwa Kiingereza anamjibu mhariri, mwanachuo na mwanadiplomasia. Ali Hassan Mwinyi alipotoa tawasifu yake mwaka 2021 kwa Kiswahili, na kuipa jina la utani alilopewa na wananchi, alikuwa anazungumza na watu waliomwita Mzee Rukhsa wakiwa foleni ya sukari. Ken Walibora na Adam Shafi pia walituandikia maisha na safari zao kwa Kiswahili, na kwa wote wawili unasikia mtu asiyeona haja ya kueleza maana ya matanga au kwa nini shangazi ana sauti katika nyumba ya kaka yake. Kurasa zinazookolewa kwa kutoeleza mambo hayo zinatumika kusimulia.

Sasa niseme juu ya watu wa kawaida, maana hapo ndipo swali linapoamua kila kitu. Mtu asiye na cheo hana wa kumlaumu hadharani, hana mchapishaji anayemsubiri, na mara nyingi haamini kwamba maisha yake ni habari. Muulize bibi yeyote akusimulie maisha yake, atakwambia hana la kusimulia. Mwulize mwaka wa njaa walikula nini, utakaa mpaka magharibi.

Katika miaka ya 1970 Margaret Strobel alizungumza na wanawake wa Mombasa kwa Kiswahili, na baadaye yeye na Sarah Mirza wakatoa masimulizi ya watatu kati yao: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991. Naona ni miongoni mwa vitabu bora vya maisha ya watu tulivyonavyo, na ubora wake mkubwa umo katika jambo dogo la uhariri: maswali hayakufichwa. Unamwona mhojaji akiuliza, unamwona Bi Kaje akikataa kwenda anakopelekwa. Bi Kaje alizaliwa karibu na mwaka 1890 katika ukoo uliomiliki watumwa. Mishi alikuwa mzao wa watumwa. Wanazungumzia mji mmoja, harusi zinazofanana, ngoma zinazofanana, na mara kwa mara unagundua kwamba kile ambacho mmoja anakieleza kama upendo wa nyumbani mwenzake alikiona kama kazi isiyo na ujira. Mhariri hakuwapatanisha. Kama angetokea mwandishi wa kuyaunganisha hayo yote kuwa hadithi moja nzuri, tungepoteza mgongano wenyewe.

Susan Geiger alifanya jambo linalofanana na hilo Dar es Salaam. Alimhoji Bibi Titi Mohamed na wanawake wengine wa TANU katika miaka ya 1980, wakati jina la Bibi Titi lilikuwa limefifia kwenye historia rasmi kwa sababu ya kesi ya uhaini ya mwaka 1970. Habari iliyokuwa inajulikana ni ya vijana wasomi na wafanyakazi wa serikali. Geiger aliuliza wanawake waliingiaje, akaambiwa: kwa vikundi vya ngoma. Bibi Titi alikuwa mwimbaji katika kikundi kabla hajawa mwanasiasa, na mtandao wa vikundi hivyo ndio uliojaza mikutano na kuuza kadi mwaka 1955. Inafurahisha kwamba hata siasa yake ilianza na swali: mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alipozuru mwaka huo aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi, na viongozi, wakiwa hawana wa kumwonyesha, wakaanza kumtafuta. Kama Geiger angeuliza tu "mchango wa wanawake" angepewa hotuba, kwa kuwa Bibi Titi alizijua hotuba kuliko yeye.

Yupo pia muulizaji wa nyumbani, ambaye kwangu ni wa hatari na wa thamani kwa wakati mmoja. Kleist Sykes, katibu wa kwanza wa African Association ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, aliacha maandishi juu ya maisha yake kabla ya kufariki mwaka 1949. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, aliyatumia kuandika sura juu ya babu yake katika kitabu cha wasifu wa Watanzania kilichohaririwa na John Iliffe mwaka 1973, kazi iliyoandikwa kwa kiasi kikubwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mjukuu anafungua masanduku ambayo mtafiti hapewi funguo zake. Lakini pia ana shangazi watakaosoma. Nimekuwa nikitamani chuo chochote kirudie zoezi lile kila mwaka: kila mwanafunzi wa historia aandike mtu mmoja wa kwao ambaye hakuwa kiongozi wa kitu chochote.

Tusisahau kwamba wasifu unaosomwa zaidi nchini mwetu hauuzwi dukani. Ni ule unaosomwa msibani. Alizaliwa, alisoma shule fulani, aliajiriwa, alifunga ndoa, alianza kusumbuliwa na maradhi, alipelekwa hospitali hii, akahamishiwa ile, hatimaye akaaga dunia, ameacha mjane na watoto. Nimesikiliza wasifu wa namna hiyo ambao maradhi ya mwaka mmoja yalichukua nafasi kubwa kuliko miaka arobaini ya kazi. Silaumu familia. Swali la msibani ni moja, alikufaje, na kila aliyesafiri usiku kucha kuja kuzika anataka jibu lake. Mke wa kwanza hatajwi, biashara iliyofilisika haitajwi, na pengine ni sawa, jeneza likiwa pale mbele. Kosa ni letu tunapoichukua karatasi ile baada ya miaka kumi na kuifanya msingi wa kitabu.

Sasa ipo hoja ambayo msomaji makini atanirudishia: wako walioandika maisha yao bila kuulizwa na mtu. Abdilatif Abdalla alikuwa kifungoni Kenya, mwaka 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka aliouandika kuikosoa serikali ya Kenyatta. Mashairi aliyoyatunga kwa siri humo yalichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapata tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta. (Kamati ile ama ilikuwa na ujasiri au ilikuwa na ucheshi mkavu.) Nani alimuuliza? Jela ilimuuliza, kila siku: utaacha? Shairi la Siwati, yaani siachi, ni jibu lake la moja kwa moja. Ninachokiona humo ni kwamba mtu akiwa peke yake kabisa bado anaandika akimtazama aliye upande wa pili.

Shaaban Robert mwenyewe anathibitisha. Katika tawasifu yake tunakutana na mume anayemlilia Amina, baba anayewaandikia wanawe tenzi za mawaidha, karani anayehamishwa kikazi na kuvumilia. Muulizaji wa kitabu hicho ni mtoto atakayekua na kutaka kujua aishi vipi. Kisha soma barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958, zilizochapishwa mwaka 2002 chini ya uhariri wa M. M. Mulokozi. Huyo ni kaka anayezungumza na mdogo wake: familia, fedha, miswada, shughuli. Mtu wa barua hapingani na mtu wa tawasifu, lakini ana haraka, ana mahitaji, na kwa maoni yangu anapendeza zaidi. Anayefundisha tawasifu ile bila barua anawanyima wanafunzi nusu ya mtu.

Nimebakiza wanamuziki, na hapa nina haraka kuliko kwingine, kwa sababu umri hausubiri. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali Mombasa mwaka 1979, Marijani Rajab mwaka 1995, Remmy Ongala mwaka 2010, Bi Kidude mwaka 2013. Bi Kidude aliulizwa na dunia nzima, hasa baada ya tuzo ya mwaka 2005 ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, na karibu kila mgeni alimuuliza lile lile: una miaka mingapi? Alijibu kwa rupia, kwamba alizaliwa wakati fedha hiyo ikitumika. Wakaandika kwamba hajui umri wake. Wangemuuliza rupia moja ilimlipa mpiga ngoma kwa usiku ngapi, wangepata kitabu.

Wakubwa hao angalau wana filamu, vipindi vya redio na makala za magazetini. Nyuma ya kila mmoja kulikuwa na mpiga tumba, mpiga gita la besi, mtu wa saksafoni, na hao ndio ambao bado wapo wachache wa kuulizwa. Wasiulizwe muziki wa zamani ulikuwaje, wala kama wa leo umeharibika. Jibu la swali hilo tunalijua kabla hawajafungua mdomo. Waulizwe juu ya kazi. Bendi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilikuwa na waajiriwa, na ala zilikuwa mali ya taasisi. Basi: ulipofukuzwa ulitoka na nini mkononi? Ulifanya mazoezi kwa gita la nani? Siku ya kurekodi Redio Tanzania Dar es Salaam mlilipwa nini, na nani alitia saini? Maneno ya wimbo uliyatunga wewe, lakini mtangazaji alisema ni wa nani? Bendi ilipokwenda mikoani wiki sita, kodi ya chumba ililipwaje? Bendi ilipogawanyika, nyimbo zilifuata upande gani? Na mke wa mwanamuziki huyo aulizwe peke yake, siku nyingine, mumewe akiwa hayupo.